Sikio la Baba Lightness

Ditram alikuwa beki hatari kuliko wote waliowahi kukanyaga nyasi za Kilosa. Hilo usibishe, maana aliyelisema ni Ditram mwenyewe, na shahidi mwingine hajapatikana mpaka leo.

Enzi zake katika timu ya shamba la mkonge, ati, mawinga walikuwa wanaandika wosia kabla ya kupasha misuli. Mmoja alitoka Dumila na basi la asubuhi, akauliza namba tatu anacheza nani, akaambiwa Ditram, akarudi Dumila na basi hilohilo! Kovu lililo kwenye ugoko wake wa kushoto Ditram aliliita "cheti changu".

Mkewe, Hildegarda, anasema kovu hilo ni la pedeli ya baiskeli. Anasema alikuwepo baiskeli ilipomwangukia, na kwamba baiskeli yenyewe ilikuwa imesimama tu.

Siku hizi Ditram ana kibanda cha kutengeneza baiskeli karibu na stesheni. Ni mfupi, mpana, ana mikono mifupi na kichwa kikubwa, kikubwa kwelikweli. Kofia za bure za uchaguzi, zile zinazomwenea kila Mtanzania bila kujali chama, kwake zinakaa utosini kama kifuniko cha kikombe juu ya sufuria. Tena alianza darasa la kwanza akiwa na miaka kumi na moja, kwa sababu ambazo hapendi kuzieleza.

Vurugu zilianzia kwenye simu. Jumapili moja alimpigia shemeji yake, Marko, mdogo wake Hildegarda, mlinzi wa nyumba ya wageni kule Mikumi. Marko akaanza kumsifu mwanawe Stefano, miaka minane, kwamba ana miguu ya chuma.

"Chuma gani?" Ditram akafoka. "Lightness wangu ana miaka saba, akimkwatua huyo Stefano wako mtamwokota mbugani!"

"Shemeji, huko kwenu si mnacheza mpira wa kupishana kama mko kanisani?"

Hapo Marko aligusa donda. Lightness alichezea Chanzuru Chipukizi, timu ya watoto, na mlezi wa timu, Mwalimu Paulina, alikuwa ameshaweka msimamo: hakuna kukwatuana mpaka mtoto afike miaka kumi na miwili. Ukimnyang'anya mwenzako mpira, umnyang'anye kwa adabu.

"Jumamosi tunakuja Mikumi," Ditram alisema kabla akili haijamfikia. "Mechi ya kukwatuana, na njumu miguuni! Na tuwekeane sharti. Familia itakayolia kwanza, baba yake atamwamkia mwenzake shikamoo mwaka mzima. Mbele za watu!"

Marko ana miaka thelathini na nane. Ditram ana arobaini na sita. Kumwamkia shikamoo shemeji uliyemkuta anavaa kaptula ya shule, mbele za watu, mwaka mzima! Bora uugue. Lakini neno lilishatoka, na Marko alilipokea kwa furaha isiyo na haya.

Sasa kikabaki kikwazo kimoja: kikao cha wazazi.

Kikao kilikaa Jumanne jioni darasani, shule ya Chanzuru, wazazi wamejibana kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kidevuni. Hoja ilikuwa moja tu. Mtoto aanze kukwatuana lini?

"Miaka kumi na miwili," alisema Mwalimu Paulina.

"Miaka sita!" alisema Ditram. "Akwatuliwe mapema, mifupa ijue mapema! Mimi nilianza na miaka minne."

"Ndiyo maana uko hivyo," mama mmoja akajibu nyuma, na darasa likacheka.

Hildegarda akasimama. "Lightness jino lake la mbele linacheza wiki ya pili sasa. Baba yake kila jioni anafunga uzi, anahesabu mpaka tatu, halafu anafumba macho na kuufungua. Mtu anayeogopa jino la maziwa anataka mtoto akwatuliwe? Mimi nasema tungoje meno ya utotoni yaishe."

"Mama Lightness, usilete mambo ya chumbani kwenye kikao!"

"Jino siyo la chumbani."

Wakavutana. Mmoja akashauri waangalie vyeti vya kuzaliwa, ikaonekana nusu ya watoto hawana, na walio navyo, mmoja alikuwa amezaliwa baada ya mdogo wake. Ndipo Ditram akapata wazo. Alilipata ghafla, kama mtu aliyepata chafya.

"Wazee wetu walijuaje mtoto amefika wa kwenda shule? Sikio! Mkono wa kulia unapita juu ya kichwa, vidole vinashika sikio la kushoto. Akishika, amekua. Asiposhika, arudi nyumbani akale ugali. Kwa nini tusipime hivyohivyo?"

Kilikuwa kipimo ambacho kila mtu mle ndani alikipitia utotoni, na kikapendwa papo hapo. Ditram hakusema kwamba Lightness alirithi mikono ya upande wa mama, ile ya kuchuma mapapai bila ngazi, na alilishika sikio lake tangu akiwa na miaka mitano. Wala hakusema kwamba Stefano wa Marko alikuwa kibonge, shingo hana, mikono mifupi kama ya kuazima. Moyoni alishaanza kuitikia marahaba.

"Andika, Mwalimu!" akaamuru, akisimama kama anatoa hotuba ya uhuru. "Yeyote atakayekanyaga ndani ya uwanja wa kukwatuana, sharti kwanza ashike sikio."

"Tuandike mtoto yeyote?"

"Yeyote! Ukisema mtoto, kuna watu watakuja na ujanja wao. Andika pia: kichwa kisimame wima, hakuna kuinamisha. Hakuna kusaidiwa. Hakuna udugu, hakuna machozi, hakuna samahani!"

Hildegarda alikuwa amefungua kinywa kupinga. Akamtazama mumewe. Akakitazama kile kichwa, kutoka upande mmoja hadi mwingine, safari ambayo ilichukua muda. Akakumbuka kitu alichowahi kuambiwa na marehemu mama mkwe wakati wanachambua mchele. Akafunga kinywa.

"Andika, Mwalimu," alisema kwa upole. "Andika kama alivyosema, usiache hata neno."

Ditram alidhani amemshinda mkewe kwa hoja. Ilikuwa mara ya kwanza tangu ndoa, na usiku ule alilala amejinyoosha.

Jumamosi wakapanda fuso iliyotoka kupeleka mbegu za mpunga Kilangali, watoto wanaimba, Ditram mbele amevaa njumu za enzi hizo, ingawa hakuna aliyemwomba acheze. Uwanja wa Mikumi uko nyuma ya nyumba za wageni. Ngedere walikuwa wameshawahi nafasi nzuri juu ya mwamba wa goli.

Refa alikuwa Mzee Wenceslaus, mstaafu wa reli kutoka Kilosa, mtu ambaye kwa miaka thelathini alishusha kizuizi cha barabara kwa wakati uleule, treni liwepo lisiwepo. Alipokea karatasi ya kikao, akavaa miwani, akaisoma mara mbili.

"Yeyote," alisema. "Vizuri. Napenda sheria inayoeleweka."

Watoto wakapanga mstari. Lightness alilishika sikio lake, akalipita, akajikuna shavu. Ikaja zamu ya Stefano. Ditram akasogea karibu, mikono nyuma, kama mkaguzi. Mkono wa Stefano ukapanda, ukatambaa juu ya kichwa, ukasita. Ditram akatabasamu. Stefano akatoa ulimi nje, akavuta pumzi, na ncha ya kidole cha kati ikagusa ncha ya sikio.

"Amegusa, hajashika!" Ditram akaruka.

"Ameshika," alisema Wenceslaus. "Ingia."

Mpira ukaanza. Dakika ya tano Lightness alimpiga chenga mtoto mmoja, akamkwatua wa pili, na Ditram akaurushia umati kofia yake, ambayo ilitoka bila shida. "Damu yangu hiyo! Mnaiona?"

"Naiona, shemeji," alisema Marko, akila karanga.

Dakika ya kumi na moja Lightness alichukua mpira pembeni, akakata ndani, akaliona goli. Stefano akaja. Alikuja kama fuso isiyo na breki, akateleza na mguu mmoja, akaupata mpira sawasawa, na baada ya mpira akampata binamu yake. Lightness alipaa. Alizunguka. Akatua kifudifudi, vumbi likamfunika, na akawa hatikisiki.

Uwanja mzima ukanyoosha shingo.

Beki hatari wa Kilosa alitoa sauti ambayo hata ngedere waligeuka kuitazama.

"Mwanangu wee! Wameniulia mwanangu! Jamani Lightness! Mama yangu weee!" Machozi yalikuwa yameshafika kidevuni kabla miguu haijaanza kukimbia. Alifika kwenye mstari, akanyanyua mguu avuke.

Firimbi ikalia puani mwake.

"Sikio," alisema Wenceslaus.

"Nini?"

"Anayeingia ashike sikio. Ndivyo ilivyoandikwa."

"Mzee, mimi ni baba yake!"

"Hakuna udugu." Wenceslaus aligeuza karatasi. "Hakuna machozi pia. Hilo nalisamehe."

Kubishana kungechelewesha. Ditram akarusha mkono wa kulia juu ya kichwa. Ukaenda, ukapanda mlima, ukafika kileleni, ukaishiwa. Vidole vikabaki vinachezacheza hewani, mbali na sikio kama Kilosa na Dodoma. Akavuta. Akaruka. Akainamisha kichwa.

"Wima," alisema Wenceslaus.

Akaushika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, akauvuta.

"Hakuna kusaidiwa."

"Nimejisaidia mwenyewe!" Ditram alilia, na hapo watu wa Mikumi wakashindwa kujizuia. Wengine walikaa chini kabisa. "Ifutwe! Sheria hii ifutwe! Watoto wasikwatuane mpaka miaka kumi na minane! Na kitambulisho mkononi!"

Hildegarda akapita kando yake na kibuyu cha maji. Bila kusimama, alipitisha mkono juu ya kilemba, akashika sikio, Wenceslaus akamwinamia kwa heshima, akaingia.

"Mama mkwe aliniambia," alisema akimpita mumewe. "Miaka minne mfululizo walikupeleka shule, miaka minne wakakurudisha. Mwisho mwalimu mkuu alikuona umeanza kuota ndevu, akakuonea huruma."

Alimkuta Lightness ameshakaa. Mtoto hakuwa amezimia wala kuvunjika. Alikuwa anatafuta kitu kwenye vumbi, akakipata, akakiinua juu kwa vidole viwili, akicheka na pengo jipya katikati ya mdomo.

"Mama, limetoka! Halijauma hata kidogo! Stefano, asante!"

Akasukutua maji, akatema, akampa mama yake jino amshikie, na dakika mbili baadaye akamkwatua Stefano mpaka njumu moja ikaruka kule waliko ngedere. Stefano akacheka, akaenda kuidai.

Mechi ilipokwisha Ditram alikuwa palepale kwenye mstari, macho mekundu, bega linamuuma. Marko akaja mbele yake, akakung'uta maganda ya karanga, akasimama na kungoja. Watu wakasogea. Kijiwe kizima cha bodaboda kikazima pikipiki ili kisikie.

"Mtoto hajalia," Ditram alinong'ona.

"Uliniambia familia," alisema Marko. "Maneno yako mwenyewe, shemeji."

Ditram alitazama kulia, akatazama kushoto.

"Shikamoo."

"Marahaba! Hujambo? Shule inaendeleaje?"

Lightness alikuja akichechemea kwa madaha, goti limechubuka, akamkuta baba yake anafuta pua kwa kofia aliyorudishiwa na umati. Akamhurumia kwelikweli. Akaushika ule mkono mfupi kwa mikono yake miwili mirefu, akamvuta polepole kuelekea kwenye fuso.

"Usilie, baba," alimwambia. "Ukikua na wewe utacheza."