Cheti cha Tano na Salamu za Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Machi

Nina mpango.

Kwanza tatizo. Nina vyeti vinne vya kompyuta, vyote halali, na bado napanga maboksi ghalani. Miaka mitatu ugenini! Leo wamebandika tangazo mlango wa kantini: dawati la msaada linatafuta mtu wa kupokea simu za wafanyakazi ambao kompyuta zao zimegoma. Kazi ya kukaa! Ya asubuhi! Nitakula chakula cha jioni na wanangu kama binadamu wengine.

Nimemfuata fundi mkuu wa kompyuta palepale. Amesema maombi yangu atayapokea, vyeti vinne vinatosha kabisa. Lakini "vinne" kaitamka kwa sauti fulani. Naijua sauti hiyo. Ni ya mtu anayesubiri cha tano.

Jirani yetu ana vitano. Kavitundika karibu na mlango na mlango anauacha wazi makusudi tuvione. Kitambulisho cha kazi hakimtoki shingoni hata akienda kutupa taka. Bwana Kitambulisho, ndivyo nilivyombatiza.

Kikwazo ni mke wangu. Anahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee na anataka kusomea uuguzi. Tulipofika tulikubaliana: vyeti vyangu vitatu, halafu zamu yake. Cha nne nilikipata kwa kubembeleza. Ijumaa hii ana mtihani wa kuingia chuo, kwa hiyo wiki nzima, asubuhi, kompyuta ni yake, na chumba cha kulala pia, maana ndicho pekee chenye mlango unaofungika. Nimekula kiapo mbele ya mama yake kwamba sitagusa muda huo. Nimeapa kwa dhati kabisa.

Saa moja baadaye nimejiandikisha mtihani wa tano. Alhamisi, saa nne asubuhi.

Jumanne, 5 Machi

Mtihani unafanyikia nyumbani, msimamizi anakutazama kwa kamera. Masharti kama ya jela! Meza tupu. Mtu yeyote asiingie. Usiseme neno, hata kunong'ona.

Mimi nikisoma, midomo inacheza. Nimezaliwa hivyo. Leo nimefanya mazoezi bafuni, kijiko kimebanwa kwenye meno, nasoma maelezo ya pakiti ya sabuni. Binti yangu wa miaka saba kanikuta. Akamwita mama yake. Nikasema jino linauma. Mke wangu akanipa dawa ya jino na kusimama palepale hadi nimeze. Nimemeza.

Kisha nikarusha ndoano: kompyuta ina virusi, Alhamisi saa nne hadi saa sita lazima niisafishe. Mke wangu akanitazama. Siku nzima anashughulika na wazee wanaoficha vidonge chini ya ulimi, kwa hiyo macho yake si ya kawaida. Akasema sawa, atasoma maktaba.

Hiyo sawa ilikuwa fupi mno. Nimeona haya kidogo. Zimepita.

Jumatano, 6 Machi

Leo zamu ya kumpanga mama mkwe. Amekuja kutusaidia mtoto mchanga. Lugha ya hapa hajui hata neno, lakini anamsalimia kila kiumbe: mpiga deki wa ngazi, dereva wa basi, mbwa wa ghorofa ya chini. Tena wanamjibu! Bwana Kitambulisho kafundishwa shikamoo na sasa anaimwaga asubuhi na jioni, anapigiwa makofi. Mimi niliyesema shikamoo tangu nina miaka miwili, nani amewahi kunipigia makofi?

Nimemshauri mama mkwe kwamba kesho saa nne hewa itakuwa safi sana, mtoto atembezwe bustanini kwa muda wa saa mbili nzima. Akauliza hewa ya saa tano ina kasoro gani. Nikamwambia ni mambo ya kitaalamu. Amekubali. Mambo yameiva!

Alhamisi, 7 Machi

Sina nguvu ya kuandika. Naandika hivyohivyo.

Asubuhi nilimkwepa mama mkwe ili nisije nikajisaliti. Nikajifungia chumbani mpaka niliposikia kigari cha mtoto kinatoka. Saa nne kamili msimamizi akatokea kwenye kona ya kioo cha kompyuta, kijana mwembamba, kanuna. Nikamwonyesha meza, kuta, uvungu wa kitanda. Nikaanza. Midomo nimeibana! Swali la kumi, la ishirini, majibu yanatiririka. Nikajiona nimekaa dawatini, simu inalia, naipokea kwa madaha.

Swali la ishirini na tatu, mvua ikanyesha.

Nilisahau kuufunga tena mlango kwa ufunguo. Mama mkwe akaingia, mtoto begani, maji yanamchuruzika. Akasimama mbele yangu. Akauliza: mkwe, tangu asubuhi hujaniamkia, nimekukosea nini?

Msimamizi ananitazama. Mama mkwe ananitazama. Nikinyamaza, nimemdharau mwanamke aliyemzaa mke wangu, tena mbele ya mgeni. Nikisema, nimekwisha. Kinywa kikajiamulia chenyewe: shikamoo, mama.

Akasema marahaba, akafurahi. Kisha akainama kwenye kioo akamsalimia na msimamizi. Akamuuliza hali ya wazazi wake. Akamwambia amekonda, ale.

Kioo kikawa cheupe. Mtihani umefutwa, na kampuni inayoutoa imenifungia mwaka mzima. Mama mkwe akashangaa yule kijana ameondoka vipi bila kuaga.

Ijumaa, 8 Machi

Wakati wa kifungua kinywa mama mkwe kamsimulia binti yake habari za kijana asiye na adabu aliyemo kwenye kompyuta. Nikainamia kikombe.

Heri mke wangu angefoka! Aliweka kijiko chini, akauliza kama jana hapakuwa na virusi. Nikasema kwa namna fulani vilikuwepo. Akavaa koti, akaenda kwenye mtihani wake. Hakugeuka.

Kazini sikuweza kula. Asubuhi yake ya mwisho ya kujiandaa, nimemnyang'anya. Akifeli ni mimi. Nikawa napanga maboksi kichwa chini miguu juu mpaka fundi mkuu akaja kuuliza nina nini. Nikamwaga yote. Alicheka hadi akavua miwani kujifuta machozi. Kisha akatulia, akasema mtu anayekubali kupoteza mtihani kuliko kumvunjia heshima mkwewe ndiye anayemtaka kwenye simu. Nije Jumanne saa tatu, anijaribu. Nisilete karatasi yoyote. Aliirudia: karatasi yoyote.

Nikarudi nyumbani mbio. Mke wangu amefaulu, majibu wamempa palepale! Bila kompyuta yangu, bila msaada wangu, kwa vitabu vya maktaba. Nililia, sifichi. Nikamwomba radhi. Akasema radhi tutaizungumza baadaye. Anachotaka ni Jumatatu. Saa tatu hadi saa sita ana somo lake la kwanza kwa njia ya mtandao, na mama yake siku hiyo ana miadi ya macho. Mtoto abaki nami jikoni, pasiwe na kioja. Ni muda wa saa tatu tu.

Nimeapa. Mara hii nimeapa kweli.

Jumapili, 10 Machi

Siku tulivu. Nimefua, nimepiga pasi, nimemwogesha mtoto. Mke wangu ananitazama kwa jicho laini kidogo.

Nikipiga pasi nilikuwa nawaza. Nisilete karatasi yoyote. Kwa nini aliirudia? Fundi mkuu si mtu wa maneno mengi. Hataki karatasi, maana yake anataka cheti cha mtandaoni! Lo! Nilikuwa kipofu.

Kampuni iliyonifungia ni moja. Kampuni za vyeti zipo tele. Nimekwenda kwa Bwana Kitambulisho kuazima kompyuta. Akaniitikia marahaba kabla sijafungua mdomo. Nimevumilia. Kompyuta ninayo.

Jumatatu, 11 Machi

Saa nne kasoro dakika kumi. Jikoni. Kila kitu kinakwenda sawa.

Mama mkwe yuko kwa daktari wa macho. Binti yuko shuleni. Mtoto yuko mgongoni kwangu, kwenye mbeleko, amelala fofofo. Mke wangu yuko chumbani, mlango umefungwa.

Kanuni za kampuni hii nimezisoma mara tatu. Zinasema mtu asiingie mtihani ukiendelea. Huyu haingii. Huyu yumo tayari! Na kusema hasemi, ana miezi minne. Saa tano na nusu nitakuwa nimemaliza, kesho nimtolee fundi mkuu cheti cha tano, aone mimi ni mtu wa namna gani.

Nasikia mke wangu anarudia majina ya mifupa pamoja na mwalimu wake, mmoja baada ya mwingine, kwa sauti ya furaha ambayo sijaisikia tangu tuhamie huku. Imenigusa. Nampenda sana mwanamke huyu.

Mgongoni mtu anajinyoosha. Anageuka tu. Atalala tena.

Nabonyeza Anza.