Haki Yangu ya Kukwama

Kwa Mwenyekiti,
Chama cha Magari ya Porini.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: KUBAGULIWA NA MATOPE

Ni matumaini yangu kwamba mkono wako ulioteguka ukisukuma gari la Nesi unaendelea vizuri. Mimi ni yule mpimaji wa macho mwenye gari la kijani, mwanachama mpya. Najitambulisha kwa sababu sina hakika kama unanikumbuka, na hapo ndipo malalamiko yangu yanapoanzia.

Nilihamishiwa mji huu kusimamia tawi jipya la duka la miwani. Mke wangu amebaki kule tulikotoka mpaka watoto wamalize mwaka wa shule. Kila jioni ananipigia simu na kuuliza, "Baba watoto, umeshapata watu?" Namjibu kwamba wateja wapo. Ananiambia, "Sikuulizi wateja mimi. Nakuuliza watu." Ndipo nilipoliona tangazo lenu kwenye mlango wa duka la vipuri: MWISHO WA WIKI PORINI. KUENDESHA, KUPIKA, KUFAHAMIANA. Nilijiunga siku hiyohiyo kwa ajili ya lile neno la mwisho. Kuendesha najua, na kupika najua pia.

Kwa heshima zote, naomba kueleza yaliyonikuta.

1. Bondeni. Jumamosi asubuhi tuliingia kwenye lile bonde la udongo mweusi. Gari lako lilikuwa mbele, kama inavyostahili gari la Mwenyekiti, na likazama mpaka milangoni. La Nesi likafuata nyayo zako. La yule dada Mwokaji lilijaribu kupita pembeni, likainama upande kama mtu anayesikiliza umbea. Mimi nilishuka kwanza. Nilipima udongo kwa fimbo, nikapunguza upepo wa matairi, nikaingiza gia nzito, nikapita polepole. Nilipofika ng'ambo nilikutupia kamba yangu nikakuvuta ukatoka. Nikataka kushuka nije kuwasaidia na wenzetu wawili. Ukanipungia mkono kwa ukarimu mkubwa ukasema, "Wewe huna shida, kaka! Tangulia tu kambini!"

Nikatangulia. Nilikaa kambini peke yangu juu ya dumu la maji, nikisikiliza vicheko vyenu vinavyopanda kutoka bondeni. Mlipokuja kutokea, mlikuwa mmepakana matope hadi hamtofautishiki, na tayari mna majina. Wewe ulikuwa Kiboko. Nesi alikuwa Komando. Mwokaji, mwanamke mzima mwenye tanuri lake mjini, alikuwa akiitwa Bi Harusi. Nilipouliza kwa nini Bi Harusi, mlishikana mabega mkacheka mpaka mkakaa chini. "Aa, ungekuwepo!" mkaniambia. Nilikuwepo, Ndugu Mwenyekiti. Nilikuwa ng'ambo tu.

2. Picha. Usiku ule picha zilipowekwa kwenye kundi letu la simu, nilizipekua moja baada ya nyingine kumtafutia mke wangu ushahidi. Nimo katika picha moja. Inaonekana ndoano ya nyuma ya gari langu, na kamba yangu imenyooka vizuri. Chini yake Nesi ameandika, "Kamba safi sana hii, ya nani?" Mpaka leo hakuna aliyemjibu. Mimi niliona haya kujijibia.

3. Mapishi. Tangazo lilisema tutapika pamoja. Ajabu ni kwamba watu walijipanga kwenye majiko kufuatana na walivyokwama. Waliozama bondeni walikuwa na jiko lao, waliogonga jiwe lao, na hata yule fundi wa saa aliyefungia funguo ndani ya gari alikaribishwa na waliomvunjia kioo. Kwangu hakukuwa na jiko la kwenda. Nikawasha langu.

Sisemi kwa majivuno, lakini wali wangu ulichambuka punje kwa punje, na kuku alikuwa na rangi ambayo ningeweza kuitundika dukani. Wakati huohuo Mwokaji, anayelisha mji mzima mikate, aliunguza maharage. Harufu ilipotoka tu, kambi nzima ilikusanyika. Huyu analeta maji, yule anasema msikoroge chini, mwingine anatia chumvi bila kuombwa. Wewe mwenyewe ulionja, ukakohoa, ukatangaza, "Yanalika!" Mkayala kwa sufuria moja na vijiko vya kuazimana. Nilituma sahani yangu ya kuku kwa nia njema. Nesi alimega kipande, akasema, "Jamani, cha mpimaji hakina kasoro," akaiweka sahani juu ya boneti, akarudi kwenye maharage. Nilikwenda kumchukua kuku wangu nikamla peke yangu. Alikuwa mtamu sana. Nalisema hili kwa uchungu.

4. Jaribio la Jumapili. Mtu muungwana hapeleki mashtaka kabla hajajitahidi mwenyewe. Jumapili asubuhi, lile dimbwi kubwa lilipomeza gari la fundi wa saa na wote mkawa mmelizunguka, niliamua nami kuingia. Sikushuka kupima wala sikupunguza upepo. Nilikanyaga mafuta na, mimi ambaye kazi yangu ni kuwahimiza watu watazame vizuri, nilifumba macho. Gari lilinguruma, likaruka, likatua upande wa pili. Hata milango haikuchafuka.

Mlinipigia makofi. "Huyu noma!" fundi wa saa alipiga kelele akiwa ndani ya maji hadi kiunoni. Halafu mkanigeuzia migongo mkaendelea kusukuma. Mtu aliyetoka kupigiwa makofi hawezi kutoa machozi mbele za watu, kwa hiyo niliwasha waipa, ingawa hapakuwa na mvua, nikatazama mbele kama dereva mwenye shughuli.

5. Uongo. Jumapili jioni mke wangu alipiga simu. Aliniuliza lile swali lake. Nilimwambia nimepata watu tele, mpaka nachanganya majina. Akafurahi, nikamsikia akiwaambia watoto. Sijazoea kumdanganya mke wangu, na kwa kuwa uongo huo umetokana na shughuli rasmi ya chama, naona chama ndicho chenye jukumu la kuurekebisha.

Kutokana na hayo, naomba kamati yako tukufu iongeze kifungu katika katiba kitakachompa kila mwanachama haki ya kukwama walau mara moja katika kila safari, bila kujali ubora wa gari wala umakini wa dereva. Haki hiyo isibaki kwenye makaratasi. Chama kitenge shimo maalumu, lichimbwe kwa kina cha kutosha, limwagiliwe kuanzia Alhamisi, na lizungushiwe utepe ili wenye magari dhaifu wasije wakalimaliza kabla yangu. Siku ya safari wanachama wasiopungua wanne wasimame karibu wakiwa na viatu visivyofaa. Tena ipigwe marufuku kauli ya "wewe huna shida" kwa mwanachama yeyote ambaye hajaulizwa kwanza kama anayo.

Kamati ikishindwa, itanilazimu kuliuza gari langu na kununua la aina ya lako. Nakuomba usinielewe vibaya. Nimeliangalia kwa makini, na sijaona gari linalokwama kwa uhakika kama lile.

Nifikishie salamu kwa Nesi na wagonjwa wake, kwa Mwokaji na tanuri lake, kwa fundi wa saa na kioo chake kipya, kwa shemeji yetu nyumbani kwako anayefua zile nguo, na kwa wanachama wote, wakavu na waliolowa.

Nabaki kuwa mwanachama wako mtiifu na msafi kupita kiasi,

Mpimaji wa Macho

Nyongeza: Barua hii ilikuwa kwenye bahasha tayari, ndani ya gari, leo asubuhi gari lilipogoma kuwaka mbele ya duka langu nikakupigia simu. Nilidhani ungemtuma mtu mmoja. Mkaja wote, siku ya kazi, Nesi akiwa na sare, Mwokaji akiwa na unga mpaka kwenye viwiko. Ulifungua boneti peke yako. Najua ulichokiona: waya wa betri umefunguliwa na kuwekwa kando kwa adabu. Uliutazama waya, ukanitazama mimi, ukafunga boneti ukawaambia wenzako, "Hili limekufa kabisa. Sukumeni!"

Mkanisukuma mpaka gereji, tukapitia kule nyuma ya soko ambako mtaro umepasuka na kujaza njia matope, nami nikashuka kusukuma gari langu mwenyewe huku Mwokaji akishika usukani. Nimepoteza kiatu kimoja. Kwa hiyo malalamiko yangu yote, kuanzia la kwanza hadi la mwisho, nayafuta, na lile shimo msilichimbe. Barua naileta hata hivyo, kwa sababu kuna jambo ambalo siwezi kukwambia tukiwa tunatazamana. Pale gereji Nesi aliponiuliza kwa nini nina spana kwenye mfuko wa shati, ulimjibu kabla sijafungua mdomo kwamba wapimaji wa macho wote hutembea nayo. Asante sana, Kiboko.