Mkojo wa Nyati Bila Maji

Asoj 2, Jumatano
Mzee Harkajit anaacha kazi baada ya sikukuu ya Dashain. Kitalu cha miche kitahitaji mnyapara mpya. Bwana misitu atakuja tarehe 11 ya mwezi huu wa Asoj kukagua matuta, na mwenye miche mizuri ndiye atakayekabidhiwa ufunguo wa stoo. Tuko wawili: mimi na Pabitra, dada wa mke wangu. Misonobari yake ni kijani kibichi. Yangu imepauka kama wagonjwa. Hata hivyo nimekwisha kumwambia mke wangu Sarita kwamba kazi ni yangu. Sarita kamwambia mama yake. Mama mkwe kaliambia bonde zima. Sasa sina pa kurudi.

Asoj 4, Ijumaa
Nimemuuliza Mzee siri ya Pabitra. Akasema hakuna siri: mkojo wa nyati, kopo moja kwa makopo kumi ya maji. Ila kwa sasa usitiwe tena, maana mche ukinenepeshwa kabla ya baridi, baridi inauua.

Nimepiga hesabu zangu. Kama maji ndiyo yanayochelewesha, dawa ni kuyaondoa. Ajabu hakuna aliyeliona hilo.

Nyati wetu wa maziwa hakutoa ushirikiano. Nimesimama nyuma yake na ndoo tangu chai ya asubuhi mpaka wakati wa wali. Pabitra akapita na mzigo wa majani, akaniuliza, "Shemeji, unakinga au unamposa?" Mnyapara hajibizani na wafanyakazi. Nilipoweka ndoo chini nijikune, nyati akaachia. Kiatuni.

Asoj 7, Jumatatu
Nimemwaga ndoo tatu. Ncha zimegeuka kahawia. Maana yake hazijashiba. Nimeongeza mbili.

Sarita kasema anayenuka kama nyati akalale na nyati. Nimemwambia cheo huanza na harufu. Nimelala zizini. Ndoo imejaa bila shida.

Asoj 11, Ijumaa
Siku mbaya kabisa!

Nilifunika viriba vyangu, vile vifuko vya miche, kwa majani, nikaacha lango la upande wangu wazi ili mgeni aanzie kwangu. Bwana misitu akafika. Nikamweleza kwamba miche yangu haipendi jua. Alikuwa ameinama kufunua, mara tukasikia kengele. Wachungaji walikuwa wanashusha mbuzi kutoka malisho ya juu kwenda kuuzwa kwa ajili ya Dashain. Kundi lilinyoosha moja kwa moja hadi langoni, likaingia. Wakalamba udongo. Wakalamba viriba. Wakalamba suruali yangu. Miche ikabaki chini ya kwato.

Mchungaji aliomba radhi. Alisema mbuzi wake hawajaonja chumvi tangu mvua zianze, na mkojo una chumvi, wakiunusa hawashikiki. Akauliza nani kaumwaga mwingi namna hii. Wote wakanitazama. Bwana misitu naye akauliza kama hapa paliwahi kuwa na miche.

Ufunguo amepewa Pabitra. Nimekaa nyuma ya stoo nikalia. Kazi ile niliitaka kwa moyo wote.

Asoj 17, Alhamisi
Siku ya tika, baraka ya Dashain. Mama mkwe kaja na nusu ya bonde. Akanibandika mchele mwekundu kwenye paji la uso, akaniombea nistawi kama miche ya Pabitra. Nyumba nzima ilicheka, Sarita kuliko wote. Mama mkwe hana hasara: mnyapara ni binti yake.

Pabitra akaniletea nyama ya mbuzi na viriba saba vilivyonusurika. "Shemeji, kopo moja kwa kumi, tena baada ya baridi kuisha. Sasa usitie hata tone." Nikamwambia sawa, mnyapara. Nyama ilikuwa tamu, nikakumbuka huenda mbuzi huyo alinilamba.

Nimekaa nikatafakari makosa yangu kwa uaminifu. Ni moja tu: lango. Leo nimelifunga kwa kamba, nikaenda kwa jirani kuazima ndoo kubwa zaidi, pamoja na nyati wake.