Habari za Mchonga Meno na Kitabu Kilichorudishwa Asubuhi

Sogeeni, enyi mlioketi vitini na enyi mlioketi mikekani, enyi wenye meno yenu na enyi wenye meno ya kununua. Wekeni vikombe chini, aliye na kikohozi na akohoe sasa hivi akimalize, kwani habari ninayoileta mbele yenu haijapata kusimuliwa, wala sidhani kama kuna aliyeiomba. Si habari ya wafalme waliotwaa miji. Ni habari ya mtu mmoja mnene kiasi, mwenye koti jeupe na vumbi la plasta kwenye nyusi, aliyepanda ngazi za maktaba ya vyumba viwili iliyo juu ya duka la dawa, akashuka na kitabu. Mwenye kucheka na acheke mapema, maana huko mbele tutakuwa na shughuli.

Mtu huyo ndiye Mchonga Meno, Mkombozi wa Vibogoyo, Bwana wa Magego ya Juu na ya Chini, ambaye kwa miaka ishirini na miwili alikuwa ameketi katika karakana yake nyuma ya kliniki akichonga meno bandia, na ambaye kwa mkono wake wazee wasiohesabika waliokwisha kuziaga karanga walizirudia kwa furaha. Mbele ya msasa na patasi hakuwa na mshindani. Katika mambo mengine yote alikuwa mtu wa kawaida, tena mwenye kuogopa mbwa.

Shujaa huyu alikuwa na shangazi, na shangazi ndiye aliyemlea tangu meno ya utotoni. Alimfundisha kusoma, akamfundisha kunawa masikio, na zaidi ya hayo akamfundisha kuogopa vizuri, kwa maana mama yule alikuwa bingwa wa hadithi za kutisha, na katika hizo hakupenda zozote kuliko za wanyonya damu: wale wa zamani, wenye adabu na kucha ndefu, wanaobisha hodi mara moja tu.

Mwaka wa habari hii macho yakamgeuka Shangazi. La kushoto lilikuwa limezimika zamani. La kulia likaingia mtoto wa jicho, daktari akalipasua siku ya Jumatatu, akalifunga bandeji nene, akaamuru lisifunguliwe mpaka Ijumaa. Likifunguliwa likaona, heri. Lisipoona, hakuna jingine la kujaribia.

Ikawa siku ya Jumanne, Shangazi, ambaye hata msibani hakuwahi kukaa kimya robo saa, akanyamaza. Supu ikapoa mbele yake. Alichouliza ni saa tu. Akijibiwa, alikaa kidogo akauliza tena, na vidole vyake vikawa vinakunja ukingo wa shuka na kuukunjua. Mchonga Meno akaliona hilo, na moyo ukamuuma.

"Shangazi, una maumivu?"

"Sina. Naogopa, mwanangu, nisikufiche. Nalala hapa naiwaza Ijumaa, nikimaliza naanza upya."

"Nikufanyie nini?"

"Nisomee. Nitafutie kitabu cha mnyonya damu, nami nipate kitu kingine cha kuogopa. Lakini awe mnyonya damu kweli. Hawa wa siku hizi siwajui."

Neno dogo, mzigo mkubwa. Mchonga Meno akasimama katikati ya chumba, akaweka mkono kifuani juu ya kalamu zake tatu, akatamka: "Shangazi, uliyenitoa katika ujinga wa herufi na uchafu wa masikio, nakuapia mbele ya kabati hili na mbele ya supu hii, kwamba kabla jua la Ijumaa halijachomoza nitakuwa nimekuletea mnyonya damu ambaye hata mimi mwenyewe nitamkimbia."

"Haya, nenda basi, watafunga," Shangazi akasema.

Vita vya kwanza vilikuwa vya vitabu vitatu, ndio wingi ambao maktaba ile iliruhusu kuazima kwa mara moja, na shujaa wetu alivipigana akashindwa. Kitabu cha kwanza kilikuwa na jalada jeusi lenye tone jekundu, dalili zote za heri. Lakini kufika ukurasa wa thelathini, mnyonya damu alikuwa amekaa juu ya paa la nyumba ya binti mmoja, akimtazama alivyolala, huku machozi yakimtiririka.

"Anangoja nini?" Shangazi akauliza.

"Anampenda."

"Kwa hiyo hamnyonyi?"

"Anasema akimnyonya atamuumiza."

"Weka chini hicho."

Mnyonya damu wa kitabu cha pili alikuwa ameapa kuacha damu kabisa. Alikunywa maji ya kiazisukari chekundu na kufundisha watu kupiga kinanda, na hasira yake yote aliimalizia kwenye kinanda hicho. Wa kitabu cha tatu alifunga ndoa sura ya nne, na sura kumi na saba zilizobaki yeye na mkewe walizunguka maduka wakitafuta mapazia mazito, kwa kuwa jua lilimdhuru.

"Huyu si mnyonya damu, huyu ni mkwe," Shangazi akasema. "Akija hapa nitampa kiti." Kisha akageuza uso ukutani, na Jumatano jioni hakuuliza hata saa. Mchonga Meno akaenda zake nyumbani kichwa chini, akiona aibu kama mtu aliyetumwa dukani akarudi na kitu sicho.

Lakini ushindi una njia zake, na huo ulikuja ndani ya kitambaa cha mkononi. Alhamisi asubuhi, kabla shujaa hajafunga vifungo vya koti, mzee mmoja aliyekuwa tarishi wa posta aliingia karakanani, akafungua kitambaa mezani, ndani yake mkiwa na meno aliyochukua jana yake.

"Yanachubua," mzee akasema, kwa shida, maana mdomo ulikuwa mtupu. "Sikulala."

Sasa jueni sheria ya kazi ile, isiyoandikwa popote: meno yaliyokaa vizuri hayaonekani tena karakanani, mwenyewe huondoka nayo akasahau hata kushukuru, bali meno yanayochubua ufizi hurudi kesho yake, saa mbili kamili, yamefungwa kitambaani. Mchonga Meno akayatazama meno yale, na fikra ikamshukia. Akakumbuka kadi iliyokuwa nyuma ya kile kitabu cha mapazia: kila aliyekiazima alikaa nacho wiki mbili nzima, na wawili waliomba waongezewe siku. Kitabu cha starehe watu hukikalia. Basi kile kisichokalika, kile kinachomnyima mtu usingizi, si kitarudishwa kesho yake asubuhi, mlango wa maktaba ukiwa haujafunguliwa sawasawa?

Hakumwacha mzee katika hali ile, la, kwani ushujaa usio na adabu ni ukorofi. Aliyasugua meno, akayapima, akayasugua tena mpaka yakakaa, ndipo akatoka mbio na koti lake, bado ana msasa mkononi.

Mlinzi wa maktaba ile alikuwa mwanamke mwembamba mwenye miwani mbili, moja machoni na moja utosini, aliyetawala kwa mihuri miwili: wa bluu kitabu kikitoka, mwekundu kikirudi. Kila kitabu kilikuwa na kadi yake katika mfuko wa jalada la nyuma, na tarehe zote ziligongwa humo, kando ya herufi za jina ambazo msomaji aliziandika kwa mkono wake. Hakuongeza siku ila kwa mwenye cheti cha daktari.

"Dada, mtunza elfu za kurasa na mihuri isiyokosea," Mchonga Meno akanena toka mlangoni, akihema, "nimekuja kwa amani, bali sitaondoka mikono mitupu. Shangazi yangu yu gizani, naye kesho ataitwa kukabili neno ambalo hakuna kati yetu awezaye kulikabili kwa niaba yake. Niruhusu nizipekue kadi za wanyonya damu wote walio chini ya ulinzi wako."

"Punguza sauti, kaka. Kuna watu wanasoma."

Alikuwapo mmoja tu, naye amelala. Lakini ruhusa ikapatikana, na shujaa akapiga magoti mbele ya rafu ya chini kabisa, magoti yakilia, akawakabili adui arobaini na mmoja. Akavuta kadi ya kwanza: siku kumi na nne. Ya pili: kumi na nne. Ya tatu: kumi na nne, ikaongezwa saba, na pembeni mtu amechora moyo kwa penseli. Walimjia mmoja baada ya mwingine na majalada yao ya urujuani, na midomo yao, na nywele zinazopeperushwa na upepo usiojulikana umetoka wapi, naye akawaangusha wote mpaka wa mwisho. Hakuna hata mmoja aliyewahi kurudishwa kabla ya siku ya kumi.

Aliponyanyuka, mgongo umekakamaa, ndipo alipoliona boksi kando ya mlango. Ubavuni lilikuwa limeandikwa kwa kalamu nene: ZA KUTUPWA. Na juu ya miongozo ya kodi iliyopitwa na wakati kilikuwa kitabu chembamba cha kijivu, kisicho na picha wala tone la damu. Akaingiza vidole kwenye mfuko wa nyuma, akavuta kadi.

Tarehe tatu kimetoka, tarehe nne kimerudi. Tarehe kumi kimetoka, kumi na moja kimerudi. Wasomaji tisa, bluu na nyekundu, bluu na nyekundu, na kati yao haikupita siku ya pili. Wa kumi na wa mwisho alikichukua na kukirudisha siku hiyohiyo.

"Hiki," Mchonga Meno akasema.

"Hicho kimefutwa daftarini. Mkokoteni wa makaratasi unapita saa sita kuja kulichukua hilo boksi. Hakina wasomaji, angalia mwenyewe, hakuna aliyekaa nacho."

"Niazime."

"Kilichofutwa hakiazimwi, na maktaba haiuzi."

Hapo wengine wangeondoka. Lakini mtu aliyetazama ndani ya midomo ya watu miaka ishirini na miwili huzoea kutazama vitu vidogo kwa makini, na shujaa wetu akausogeza mstari wa mwisho wa kadi karibu na mwanga. Akautazama mwandiko. Akautazama ubao wa mezani uliosema TAFADHALI TUNYAMAZE. Mkono ulioandika ulikuwa mmoja.

"Huyu wa kumi," akasema taratibu, "ni wewe, dada."

Mlinzi wa maktaba akavua miwani, kwanza ya machoni, halafu ya utosini.

"Nilifika sura ya pili," akasema kwa sauti ya chini. "Nikajigongea mwenyewe muhuri wa kurudisha, nikaenda kulala kwa dada yangu. Tangu siku hiyo nikija kufungua hapa nashika funguo hivi." Akaonyesha, funguo zikichomoza katikati ya vidole. "Nikaona heri kiende zake."

"Kina mapenzi ndani?"

"Hakuna anayempenda mtu humo, kaka."

Maneno matamu kuliko hayo Mchonga Meno hakuwahi kuyasikia tangu azaliwe. Na wakati huohuo magurudumu ya mkokoteni yakalia barabarani, na hatua za mchukuzi zikaanza kupanda ngazi. Wakatazamana. Mlinzi wa maktaba akafungua daftari kuu, akakirudishia kitabu namba yake, akagonga muhuri wa bluu mara mbili kwa haraka.

"Wiki mbili," akasema. "Ukitaka tatu, sawa. Nne pia sina neno."

Saa nane mchana, jua likiwa limejaa chumbani mpaka chini ya kitanda, usomaji ukaanza. Humo kitabuni familia ya watu watano iliketi mezani, na kila mmoja akihesabu alipata sita, na hakuna aliyeweza kukumbuka nani amezidi. Huyo aliyezidi hakulia, hakupiga kinanda. Alikula polepole, akasifu upishi, na kila jioni alimwomba mmoja wao amsindikize mlangoni. Kesho yake bado walijihesabu wakapata sita, ingawa sahani zilikuwa zimepungua.

Vidole vya Shangazi vikaliachilia shuka. Kufika ukurasa wa tisa, alinyoosha shingo.

"Mlango umefungwa?"

"Ni saa nane na nusu mchana, Shangazi."

"Sikukuuliza saa."

Mchonga Meno akaenda akaufunga, na kwa kweli alifurahi kuambiwa. Aliporudi alikisogeza kiti mpaka mgongo ukagusa ukuta. Shangazi akapapasa bakuli la supu, akainywa yote bila kujua kwamba anakunywa, na kila sura ilipokwisha alisema neno moja tu: "Endelea." Walisoma mpaka sauti ikakauka, na Ijumaa ilikuwa haijatajwa hata mara moja.

Ijumaa yenyewe ikafika, na zamu yao ikawakuta kwenye benchi la korido ya kliniki, ukurasa wa tatu kutoka mwisho, mpwa akisoma, na wagonjwa saba wenye bandeji zao wamenyamaza kushoto na kulia wakisikiliza. Mezani, humo kitabuni, walikuwa wamebaki wawili. Daktari akafungua mlango akamwita Shangazi.

"Subiri kidogo," Shangazi akasema.

"Mama, ni zamu yako."

"Mwache amalize, daktari," akasema mgonjwa mmoja.

Daktari hakukubali. Wakaingia, mlango ukaachwa wazi, Shangazi akaketishwa kwenye kiti kirefu huku akinung'unika kwamba kazi ya jicho ingengoja dakika tano. Bandeji ikafunguliwa mzunguko baada ya mzunguko. Mchonga Meno, mwenye kuogopa mbwa, hakuwahi kuogopa kitu kama alivyoiogopa pamba ile ya mwisho. Ikatolewa. Jicho likapepesa, likatoa chozi, likatulia.

"Shangazi?"

Shangazi alinyoosha mkono, akakichukua kitabu magotini pa mpwa wake bila kupapasa, akakileta karibu, akakisogeza mbali, akakirudisha karibu tena. Midomo ikaanza kucheza.

"Shangazi, unaona?"

"Nyamaza kwanza, mwanangu," akasema. "Anasimama."

Iandikwe basi kwamba katika mwaka ule, siku ya Ijumaa, saa nne na dakika kumi asubuhi, Mchonga Meno, Mkombozi wa Vibogoyo, aliketi sakafuni katika chumba cha daktari wa macho akalia wazi bila kuona haya, na benchi zima likaita kutoka koridoni kwamba anayesoma asome kwa sauti. Naye Shangazi akawasomea, herufi zikiwa bado na ukungu kidogo, mpaka neno la mwisho. Daktari alisikiliza ameegemea mlango, akasahau kumwita mgonjwa wa pili.