Gari la Bibi Linalopimwa kwa Jeneza

Kaole, Bagamoyo
2 Septemba 2024

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Gari la Bibi,
Tegeta, Dar es Salaam.

Mheshimiwa Mwenyekiti, ambaye pia ni Baba yangu Mkubwa Kibwana,

Shikamoo.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU GARI AMBALO HALIJANUNULIWA

Mwalimu Shufaa, anayetufundisha Kiswahili kidato cha tatu, anasema malalamiko yakiandikwa kirafiki husomwa kirafiki na kusahauliwa kirafiki. Kwa hiyo naandika kiofisi. Ukiona nimekuita Mwenyekiti, usidhani nimesahau kuwa wewe ndiye uliyeninunulia sare za shule. Nakumbuka, na sketi bado inanitosha.

Naandika nikiwa Katibu wa Kamati, cheo nilichopewa kwa sababu ya mwandiko, na nikiwa mjukuu anayelala chumba kimoja na Bibi Ashatu. Kama Katibu naona kazi inakwenda vizuri na mihtasari yote ipo. Kama mjukuu nina malalamiko yafuatayo.

1. Kuhusu usafiri wa Bibi, kabla na baada ya gari.

Baada tu ya Idi Bibi aliuza shamba lake la minazi, akasema mbele yetu sote, "Ninunulieni kigari cha kunipeleka kliniki ya macho. Mtoto wa jicho hasubiri mtu." Kabla ya siku ile alikuwa akipanda bajaji ya jirani yetu Ridhiwani, na alikuwa akifika. Baada ya siku ile Kamati iliamua kwamba ni aibu kwa mama mwenye gari kuonekana kwenye bajaji. Gari hakuna, lakini aibu tayari tunayo. Tarehe tatu za kupasuliwa jicho zimepita Bibi akiwa ameshavaa, amekaa barazani na kadi ya kliniki mkononi, anasubiri Kamati ichague. Katika ukoo mzima, mtu pekee aliyekosa usafiri kwa sababu ya gari hili ni mwenye gari.

2. Kuhusu Orodha ya Mahitaji.

Kikao cha kwanza hitaji lilikuwa moja, kliniki, nami nililiandika kwa nusu mstari. Kufikia kikao cha sita mahitaji yamejaza kurasa nne, na kliniki imesogezwa mpaka ukurasa wa tatu, chini ya "Mengineyo".

Shangazi Mina anataka gari la shughuli, litakalobeba masufuria mawili ya pilau yakiwa yamesimama, pamoja na wanawake tisa waliovaa sare, wakae bila kukunja nguo zao. Nilipouliza kwa adabu kama wanawake tisa na masufuria wataenea, aliniambia, "Wewe andika, mwanangu. Kuenea ni kazi ya Mjapani." Baba Mdogo Bilali anataka gari la kupeleka samaki Dar alfajiri, ambalo ikifika saa nne litakuwa halinuki, ili Shangazi alipande. Chombo pekee ninachokifahamu chenye sifa zote hizo ni boti ya Unguja, nayo haina matairi.

Naomba pia ikumbukwe kwamba anayepika kwenye vikao hivi ni Bibi mwenyewe. Kikao cha nne chai ilikuwa na chumvi. Muhtasari unasema, "Wajumbe walishangazwa na chai." Niliandika hivyo kwa sababu mliniambia nisiandike sababu.

3. Kuhusu jeneza.

Hapa naomba radhi mapema, kwa sababu najua jambo hili linatoka moyoni mwako. Siku Babu alipofariki mlimpeleka makaburini kwa lori la mchanga, na mchanga ulikuwemo. Uliapa kwamba hakuna mwingine wa nyumba hii atakayepanda lori lile. Ni kiapo kizuri, na Bibi alilia uliposema. Lakini kutokana na kiapo hicho Kamati ilipitisha kwamba gari lisiloweza kuingiza jeneza kwa urefu wake lisijadiliwe kabisa. Na kwa kuwa Baba Mdogo Bilali haamini futi kamba, mkaazima jeneza la msikiti likajaribiwe kwenye yadi ya magari huko Dar.

Nilikuwepo. Nilikaa nyuma ya kirikuu, kigari cha mizigo tulichokodi, nimeshika upande wa miguu, na daftari la Kamati limo kwapani. Tulipopita Mapinga bodaboda wote walisogea pembeni na kuzima injini. Bunju wazee wanne waliokuwa wakinywa kahawa waliacha vikombe, wakakodi bajaji na kutufuata, kwa sababu kusindikiza jeneza kuna thawabu, na mtu mwenye haraka ya thawabu haulizi jeneza lina nani. Kufika Tegeta tulikuwa msafara. Tulipoingia yadi, muuzaji alizima redio, akaja mikono ameifunga mbele, akasema, "Poleni sana." Mume na mke waliokuwa wakijaribu kigari cha bluu walikiacha milango wazi, wakaondoka. Mzee mmoja wa Bunju akakusogelea na kukuuliza kwa sauti ya chini marehemu ni nani. Ukamjibu, "Bado."

Wakati huohuo, huku Kaole, alifariki mzee mmoja wa upande wa shule, na jeneza likatafutwa. Imamu alisubiri adhuhuri, akasubiri alasiri. Waliozika waliniambia walimaliza wakati kuku wanaingia bandani. Wafiwa walipouliza jeneza liko wapi, walijibiwa kwamba limekwenda kuchagua gari. Mjukuu wa marehemu ninakaa naye dawati moja. Tangu siku ile haniazimi hata rula.

4. Kuhusu gari lililochaguliwa.

Jeneza lilienea katika gari moja tu, lile jeupe, refu, lililonyanyuka juu. Mmeniandikisha kwenye muhtasari kwamba "linafaa kwa mahitaji yote". Napinga, kwa heshima. Ngazi yake iko sentimita hamsini na tano kutoka chini. Ngazi ya baraza letu ni sentimita kumi na nane tu, nayo Bibi huipanda kwa kushika nguzo, kushika bega langu na kumtaja Mwenyezi Mungu, kwa sababu ya lile goti lake la kulia. Jumapili ile muuzaji alipolileta gari hapa nyumbani ili mwenyewe alione, Bibi alinyanyua mguu mara tatu na kuurudisha chini mara tatu. Kisha akasema, "Zuri, wanangu," akarudi kukaa. Ninyi mlisikia neno "zuri". Mimi niliona mguu.

Kwa maneno mengine, Mheshimiwa Mwenyekiti, Kamati imemchagulia Bibi gari ambalo hawezi kulipanda mpaka afariki. Siku hiyo litamfaa sana.

5. Kuhusu dereva.

Wajumbe tuko tisa. Mwenye leseni hayupo. Muhtasari unasema, "Dereva atajitokeza." Mimi nina miaka kumi na sita na miezi minne. Nataja tu, kwa kumbukumbu.

Mheshimiwa Mwenyekiti, tumefundishwa kwamba anayelalamika alete na pendekezo. Kwa hiyo Jumamosi nilikwenda mjini, gereji kwa Fundi Ibrahimu. Alikuwa amelala chini ya gari, tukazungumza mimi nikiitazama miguu yake. Akauliza, "Gari la nani?" Nikasema la Bibi. "Anakwenda wapi?" Nikasema kliniki. Miguu ikasogea nje kidogo. "Sasa kamati ya nini?"

Hata hivyo alinisaidia. Alisema anayenunua gari ahesabu zile safari anazokwenda kila wiki, si ile anayokwenda mara moja. Achague gari ambalo spea zake zinapatikana hapahapa Bagamoyo, asije akaliweka juu ya mawe akisubiri kitu kutoka Dar. Asidanganywe na rangi, bali ainame aangalie chini, kwa kuwa gari lililoishi karibu na bahari huwa linang'aa juu huku chumvi imeshakula bodi kwa chini. Na mwenye kulipanda alipande kabla fedha haijatoka.

Kwa ushauri huo napendekeza gari dogo la milango minne, la chini, ambalo mlango wake wa nyuma unafunguka wote. Kiti cha nyuma kiwe na kimo cha kiti cha Bibi cha barazani, yaani sentimita arobaini na mbili. Rangi iwe yoyote. Shangazi Mina akodi gari la shughuli kama wenzake wanavyokodi, samaki waende walivyokuwa wakienda, na jeneza libaki msikitini, ambako ndiko watu wanalitafuta.

Tarehe ya nne ya Bibi ni Alhamisi, 12 Septemba. Daktari amesema jicho la pili nalo limeanza. Bibi hajawaambia, kwa sababu hataki kuwasumbua wakati mko kazini kumtafutia gari. Juzi nilimwona akipapasa mkekani kutafuta kikombe kilichokuwa mbele yake. Nilikisogeza kwenye mkono wake kimyakimya, naye akajifanya amekiona. Naomba basi Kamati ikutane kabla ya tarehe hiyo, isile, iamue. Naamini utafanya hivyo, Baba Mkubwa. Huwa unafanya, ila unachelewa kuanza.

Nisalimie Mama Mkubwa na watoto wote, kila mmoja kwa jina lake. Msalimie yule muuzaji wa yadi, mwambie tunamshukuru kwa pole zake na tumeziweka. Na ukipita Bunju wasalimie wale wazee wanne, uwajulishe kwamba sote tu wazima.

Ni mimi mwanao, ninayelalamika kwa utii,

Wahida Rehani
Katibu

Nyongeza, Ijumaa, 13 Septemba.

Barua hii imechelewa kwa sababu Mwalimu Shufaa aliichukua kuisahihisha, akakaa nayo wiki nzima akiwasomea walimu wenzake. Alichosahihisha ni koma mbili. Katika muda huo mambo yamebadilika.

Jana asubuhi Bibi alivaa, akakaa barazani mpaka saa mbili, kisha akasema hiyo aibu ataibeba mwenyewe, akasimamisha bajaji ya Ridhiwani. Amepasuliwa. Leo wamemfungua bandeji. Alinitazama muda mrefu, akasema, "Kumbe umekuwa mrefu hivi, na hakuna aliyeniambia." Kisha akaiomba barua, akaisoma mwenyewe mwanzo mpaka mwisho, kidole kikiwa juu ya mstari.

Anasema hoja ya nne niifute. Goti lake halina tatizo. Ni ngazi ndiyo alikuwa haioni, ya baraza na ya gari vilevile. Ameliangalia lile gari jeupe kwenye picha na amelipenda kuliko mnavyolipenda ninyi, maana ukikaa juu kule unaona mbali. Kigari changu cha chini anasema niwapelekee kuku. Hoja ya tano pia niifute, kwa sababu dereva amejitokeza. Ana miaka sitini na nane, na anataka kujua leseni ya kujifunzia inatolewa ofisi gani.

Ana swali moja tu kwa Kamati: jeneza likishawekwa nyuma, kile kioo cha katikati cha kutazamia nyuma bado kitamwonyesha magari yanayomfuata?