Siku Lemein Alipoweka Tupa Chini

Sogeeni, enyi watu wa Kitengela, mlio kando ya barabara ya Namanga na mlio ndani kwenye vumbi la ploti; nanyi wa Ngong, nanyi wakulima wa Loitokitok, acheni nyanya kidogo; maana nataka kuwasimulia vita vilivyopiganwa Alhamisi, kuanzia saa nane mchana hadi saa tisa unusu, juu ya meza ya mbao, kati ya mwanamume mzima na ncha ya chuma isiyofika urefu wa kidole. Atakayecheka acheke, mradi asinikatize.

Shujaa wetu ni Lemein, fundi wa redio na spika, mfufuaji wa sabufa, mwenye bisibisi saba na miwani moja iliyofungwa kwa selotepu. Aliyemletea vita ni mama Naipanoi, mfugaji wa upande wa mbuga, aliyeshuka kwa bodaboda akiwa amekumbatia kiboksi cha taa za boma pamoja na taa zenyewe. Taa hizo huwaka na kuzima usiku kucha kuzunguka ua, simba akadhani kuna mtu anatembea na tochi, akaenda zake. Usiku wa juzi waya mmoja ndani ya kiboksi uling'oka, taa zikafa, na katika mbuzi wake thelathini na wanane simba akabeba wawili bila hata kuharakisha. Naipanoi alisema anataka kiboksi kabla ya saa kumi, afike nyumbani jua likiwa juu.

Waya mmoja tu, kazi ya dakika mbili. Lemein akaunyakua mkuki wake wa umeme, yaani chuma cha kulehemu, aliokuwa ameuacha kwenye soketi tangu asubuhi kwa imani kwamba chuma kinachokaa moto ndicho kilicho tayari, akaugusisha waya wa risasi, ile inayoyeyushwa kuunga nyaya. Ole wetu sote. Risasi iliyeyuka, ikajiviringisha vidonge vidonge, ikadondoka mezani. Ncha ilikuwa imeungua ikawa nyeusi kama tako la sufuria ya githeri, ikakataa kushika chochote.

Sasa mjue kwamba Lemein alilelewa na baba aliyenoa simi yake, upanga mfupi wa kiunoni, kila asubuhi kabla ya chai, na nyumba ile haikujua ugonjwa wa chuma usiotibika kwa tupa. Akaishika tupa. Kwa tupa hiyohiyo alikuwa ameshaua ncha mbili tangu Januari. Kila moja iling'aa siku moja, kisha ikaliwa mashimo mashimo, naye akalilaumu duka. Hii ilikuwa ya tatu na ya mwisho, na nyingine ilikuwa Nairobi. Akaisimamia na kuihutubia:

"Wewe chuma, nimekulisha stima tangu asubuhi. Kwetu chuma hakiombwi mara mbili. Leo utanijua."

"Weka hiyo tupa chini, fundi," akasema Timiro.

Huyu Timiro ni binti wa Garissa, malkia wa kibanda cha pili, mwuza vioo vya simu, ambaye huunganisha vitu vidogo kuliko chawa huku akibishana na wateja watatu. Alikuwa ameivumilia sauti ya tupa ile miezi yote. Akasimama, akanena:

"Hiyo si simi. Ndani ni shaba, juu iko na ngozi nyembamba ya chuma. Hiyo ngozi ndio inashika risasi. Ukiikwaruza, shaba inabaki uchi, risasi inaikula. Zile mbili ni wewe uliziua, si duka."

Lemein akamgeukia Naipanoi kutafuta mtetezi.

"Mimi nataka taa," akasema Naipanoi.

Kukosolewa mbele ya mteja ni kugumu, na nimeona wanaume wakichagua kuharibu kazi kuliko kukubali. Lemein aliiweka tupa chini. Hapo, wasikilizaji wangu, ndipo vita vilipoanza. Akakichomoa chuma, akakiacha kipoe kiasi, kisha akakirudisha kwenye soketi. Akalowesha sponji, akaikamua mpaka ikaacha kudondoka, akapangusa ncha, nayo ikafoka mvuke. Akaichovya kwenye kikopo cha dawa ya kulehemu cha Timiro, moshi ukapaa hadi kwenye mabati. Akaivisha risasi mpya, akapangusa: nyeusi. Akarudia: nyeusi vilevile, na saa tisa ikapita. Mara ya nne alitaka kuikandamiza, Timiro akamwambia aibembeleze. Mara ya tano doa la fedha likatokea, dogo kama punje ya mtama, likatambaa, likaenea, mpaka ncha nzima ikang'aa.

Waya ulishika mara moja. Taa zikawaka, zikazima, zikawaka tena. Naipanoi akakaza shuka yake, akapanda boda. Lemein alipotaka kuzima chuma, Timiro akakohoa. Akakumbuka kuiachia ncha koti nene la risasi, ilale imefunikwa isiungue tena.

Ijumaa saa moja asubuhi Naipanoi alipiga simu. Lemein akauliza kwanza watoto, kisha mvua, kisha ng'ombe, kama inavyopasa, akajibiwa kimoja kimoja bila haraka. Ndipo akathubutu kuuliza mbuzi.

"Simba alikuja," akasema Naipanoi. "Nyayo zimezunguka ua mara mbili, zikarudi. Mbuzi wote wapo, thelathini na sita."

Basi iandikwe katika tarehe za Kajiado, na wajukuu wasomewe, kwamba mwaka huu simba wa mbugani alirudishwa nyuma kwa sponji na ncha iliyopanguswa mara tano. Lemein alimpasha Timiro habari, akavua miwani, akafuta macho, akasema ni moshi wa risasi. Chuma kilikuwa bado hakijawashwa.