Nyuki Wasiovua Viatu

Zavrh, 30 Mei

Kwa Bwana Venčeslav Pirc,
Mwenyekiti, Chama cha Wafuga Nyuki

Ndugu Mwenyekiti,

Kabla ya kulalamika, nakiri jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata padri. Jumamosi iliyopita, jirani yetu Bi Rozalija Humar akiwa kanisani anapamba altare, nilipenyeza mkono kwenye uzio wake nikamkatia vichwa arobaini na kimoja vya maua yake ya orlica, vikiwa bado vitumba vya kijani. Nilitumia mkasi wa shule wenye ncha butu, kwa hiyo naomba usihesabiwe kuwa silaha.

Sasa malalamiko.

Bibi yangu Justina amepanda orlica nyeupe tangu alipoolewa, na kila tarehe kumi Juni hupeleka shada kwenye kaburi la babu. Mwaka huu yuko hospitali, amebadilishiwa nyonga, na atarudi tarehe tisa. Bustani ameniachia mimi kwa maneno haya: "Mjukuu wangu, nikikuta zambarau kwenye kaburi la babu yako, narudi hospitali kwa miguu yangu mwenyewe."

Wewe ni mtu wa nyuki, pengine hujui taabu ya ua hili. Orlica ikifika mwaka wa nne huchoka. Huwezi kuigawa, maana mzizi wake ni mmoja, mrefu kama karoti, na shina lililokomaa ukilihamisha hununa mpaka likafa. Dawa ni kupanda mbegu zikiwa mbichi, kisha kungoja mwaka wa pili zichanue. Nilipanda mwaka juzi nikimsaidia Bibi, nikangoja. Mashina kumi na tisa yamechanua wiki hii: kumi na manne zambarau, manne waridi, na moja lina rangi ya maji yaliyooshewa brashi. Nyeupe limebaki shina moja kuukuu lenye maua mawili, nayo ndiyo tegemeo letu la mbegu.

Zambarau inatoka kwa Bi Rozalija. Kwake kuna kivuli, kwa hiyo huchanua wiki moja baada yetu. Ndiyo maana niliwahi na mkasi. Lakini mkasi hautoshi, kwa sababu:

1. Bi Rozalija ana mizinga, na nyuki wake huja kwetu bila mwaliko. Niliwahesabu kwa saa nzima: arobaini na sita, wote miguu imejaa chavua za watu. Kwetu hata padri akija kubariki nyumba huvua viatu na kupewa ndala. Nyuki hawavui chochote.

2. Nilimwomba Bi Rozalija ang'oe orlica zake. Nilimwandikia, kwa kuwa kuongea hunipa shida. Alinijibu kwa sauti iliyofika hadi kituo cha basi: "We Ožbej, toa pua kwenye kitabu! Maua yakipendana wewe yanakuuma nini? Ngoja tu, mwaka huu utaona!" Sentensi ya mwisho naichukulia kuwa ni tishio.

3. Maua ya Bibi nayo yana lawama. Yanainamisha vichwa kama wanakwaya, kumbe yanapokea wageni tangu asubuhi. Sitaandika zaidi.

Hivyo naomba Chama kiamuru:

Kwanza, nyuki wa Bi Rozalija wafungiwe hadi tarehe kumi Juni, wakitoka watoke kwa mstari kuelekea kwenye akasia. Pili, kwa kuwa hapa kwetu kila mzinga huchorwa picha kwenye ubao wa mbele ili nyuki wautambue, ubao mmoja uchorwe uso wa Bibi Justina, kidole kimeinuliwa. Nyuki wakimwona kila wanapotoka, wataelewa. Tatu, yote yakishindikana, bustani ya Bi Rozalija ihamishiwe wilaya jirani, pamoja na mwenyewe.

Nisalimie mkeo na wanachama wote. Wasalimie pia malkia wa mizinga yote, hata wale wa Bi Rozalija, maana wao hawatembei ovyo.

Wako mtiifu,
Ožbej Mlinar,
kidato cha kwanza

N.B. 3 Juni. Nimeifungua tena bahasha. Jana Bi Rozalija alikuja mlangoni na kikapu cha vichwa vilivyonyauka. "Ožbej, mwanangu, umewahi kuona konokono mwenye mkasi?" Kumbe zambarau zake zilizeeka, akazing'oa zote msimu uliopita. Mahali pake alihamishia miche ya mbegu alizopewa na Bibi, aliyoilea kwenye masanduku nyuma ya mizinga. Ilipotoa maua ya kwanza mwaka jana, alibakiza meupe tu. Alitaka Bibi akirudi akute shada la kaburi liko tayari. Hilo ndilo ningeona mwaka huu. Majani ya orlica zote yanafanana, sikujua. Yamepona maua matatu, ambayo mkono wangu haukuyafikia.

Nilimwambia, "Ni mimi." Kwa mdomo, si kwa karatasi. Aliangalia mkasi uliokuwa mezani nyuma yangu. Kisha akasema, "Matatu yanamtosha babu yako. Alikuwa mtu wa maneno machache. Mashina yapo, mwakani yatachanua."

Nikamwomba ubao mmoja wa mzinga. Nimeuchora leo mchana: mvulana mwenye miwani na mkasi. Tumeupigilia pamoja, ili nyuki wajue wa kumkwepa.